KUHIFADHI NA KUENZI: URITHI WA WAHAMIAJI KATIKA NYANDA ZA JUU ZA KUSINI

Utangulizi

Tuzungumzapo juu ya utamaduni wa taifa, mara nyingi fikra zetu hukimbilia kwenye jambo lililotulia mahali pamoja. Tukitaja utamaduni wa Wahehe, tunaiona Kalenga na bonde la Ruaha. Tukitaja utamaduni wa Wanyakyusa, tunaiona migomba ya Rungwe na mpunga wa Kyela. Tumezoea kuuchora utamaduni kama ramani: kila kabila na eneo lake, kila ngoma na kijiji chake. Ramani hiyo ina manufaa, lakini pia ina kasoro moja kubwa. Inawaacha nje watu waliokuwa njiani: waliokuja kwetu kutoka mbali, na waliotoka kwetu kwenda mbali.

Nia ya makala haya ni kuchunguza namna watu wa aina hiyo walivyoutunza urithi wao katika mikoa ya Iringa na Mbeya, na kuipima namna sisi wenyewe tunavyoutunza ukumbusho wao. Tutawatazama Wapolandi waliowekwa Ifunda na Kidugala wakati wa Vita Kuu ya Pili, vijana wa Unyakyusa waliokwenda migodini, na Wabaluchi wa Usangu. Mwisho tutalitazama fuvu la Mtwa Mkwawa, ambalo nalo lilikuwa ughaibuni kwa zaidi ya nusu karne. Swali letu ni moja: je, kuhifadhi na kuenzi ni jambo moja?

Wapolandi wa Ifunda na Kidugala

Tarehe 1 Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Polandi kutoka magharibi, na tarehe 17 ya mwezi huo huo majeshi ya Umoja wa Kisovieti yakaingia kutoka mashariki. Katika miaka ya 1940 na 1941 familia nyingi za mashariki ya nchi hiyo zilikamatwa na kusafirishwa kwa magari moshi hadi Siberia na Kazakhstan, wakafanyishwe kazi katika misitu na mashamba ya pamoja. Wengi walikufa kwa njaa, baridi na maradhi. Baada ya Ujerumani kuushambulia Umoja wa Kisovieti, mapatano ya Julai 1941 yaliwapa ruhusa ya kutoka, na mwaka 1942 jeshi la Jenerali Władysław Anders likavuka kwenda Uajemi pamoja na makumi ya maelfu ya raia. Wanaume wenye nguvu walikwenda vitani, na baadhi yao walipigana Monte Cassino nchini Italia mwaka 1944. Wanawake, watoto na wazee walitafutiwa mahali pa kukaa katika makoloni ya Uingereza.

Zaidi ya watu 15,000 waliletwa Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Hapa Tanganyika kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, iliyokuwa na watu wapatao 5,000. Nyingine zilikuwa Kondoa, Morogoro, na katika Nyanda za Juu za Kusini, Ifunda na Kidugala. Ifunda iko kando ya barabara itokayo Iringa kwenda Mafinga. Kidugala, mahali palipojulikana kwanza kwa misheni ya Walutheri wa Kijerumani, wakati huo ilikuwa sehemu ya Jimbo la Nyanda za Juu za Kusini na leo imo katika Mkoa wa Njombe, uliotengwa na Iringa mwaka 2012.

Ni lazima tukiri kuwa watu hao waliutunza utamaduni wao kwa bidii ya ajabu. Watu waliokuwa wamepoteza nyumba, mifugo na jamaa hawakusubiri kushiba ndipo wafungue shule. Walifungua shule kwanza. Watoto walifundishwa kusoma na kuandika lugha yao, historia na jiografia ya nchi ambayo wadogo zaidi miongoni mwao hawakuikumbuka. Palikuwa na ibada, kwaya, michezo ya kuigiza na vikundi vya skauti. Akina mama walidarizi mitindo ya vijijini kwao, wakaziadhimisha Krismasi na Pasaka kwa vyakula vilivyobuniwa upya kutokana na unga na mboga za huku. Serikali ya Polandi iliyokuwa uhamishoni mjini London iliyasimamia mambo hayo, kwa kuwa haikuyaona kuwa ni anasa.

Je, nguvu hiyo ilitoka wapi? Kwanza, ilitoka katika matumaini ya kurudi. Mtoto wa Kidugala alifundishwa Kipolandi kwa sababu iliaminika kuwa kesho angekitumia Polandi. Pili, ilitoka katika vyombo vilivyopangwa: shule, kanisa, skauti na serikali ya mbali. Tatu, na hili wasifu wao hulipita haraka, ilitoka katika mfumo wa kikoloni wenyewe. Wakimbizi hao walikuwa Wazungu maskini, wengi wao wakulima waliozoea kushika jembe. Serikali ya kikoloni iliwapokea kwa huruma na kwa hofu pia, maana Mzungu anayelima kwa mikono yake mbele ya Mwafrika aliitia doa hadithi ya ubwana. Mwanahistoria Jochen Lingelbach, katika kitabu chake cha mwaka 2020, ameeleza jinsi wakimbizi hao walivyowekwa ukingoni mwa jamii ya Wazungu wa makoloni: walihesabiwa kuwa Wazungu, lakini hawakuwa sawa na watawala. Kuwatenga kambini kulikuwa kinga ya utamaduni wao. Kulikuwa pia kinga ya heshima ya ukoloni. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja, na mhakiki hana ruhusa ya kulitaja moja na kulificha jingine.

Mwezi Februari 1945, katika mkutano wa Yalta, mataifa makubwa yalikubaliana kuwa maeneo ya mashariki ya Polandi yabaki katika Umoja wa Kisovieti. Kwa wengi wa Ifunda na Kidugala, kwao kulikuwa kumehamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine bila wao kuulizwa. Wachache walirudi Polandi mpya. Wengi walitawanyika Uingereza, Kanada na Australia, na mwaka 1949 yatima zaidi ya 100 waliokuwa Tengeru walipelekwa Kanada. Shule iliyokuwa maandalizi ya kurudi ikageuka ghafla kuwa ukumbusho wa kule kusikorudika. Katika miaka ya 1950 Ifunda ikawa mahali pa shule ya ufundi iliyowafunza vijana wa Tanganyika useremala, uashi na umakanika. Nayo ni shule hadi leo.

Kilichobaki ni makaburi. Yako Ifunda, yako Kidugala, na kwa miaka ya karibuni yamefanyiwa ukarabati kwa msaada kutoka Polandi. Ni kazi njema. Maiti wa mgeni ni amana kwa mwenyeji. Hata hivyo, hapa ndipo uhakiki wetu unapoanza.

Jina lililoandikwa na jina lisiloandikwa

Wapolandi waliopita katika nchi hii wameandika kumbukumbu zao, na sehemu kubwa ya maandishi hayo imo katika Kipolandi na Kiingereza. Humo twaiona Afrika ya jua, matunda, nyoka na milima. Mara nyingi Mwafrika naye yumo, lakini kwa mbali: mpishi, mlinzi, mchukuzi wa mizigo au muuza ndizi, na aghalabu hana jina. Kambi zile hazikujijenga zenyewe. Kuna waliokata miti, waliofyatua matofali, waliochota maji, waliouza maharage na mayai. Kuna watoto wa Kihehe na wa Kibena waliochungulia wakaona Mzungu akilia, na hilo halikuwa jambo dogo kwa mtoto aliyefundishwa kuwa Mzungu hukalia kiti tu na kutoa amri.

Si haki kuwalaumu waandishi wa kumbukumbu hizo. Kila mtu huandika machozi yake kwanza. Lawama ni yetu sisi, ikiwa tunangoja watu wa Warszawa watuandikie historia ya Ifunda. Kaburi la mgeni lina jina, tarehe na msalaba. Mwenyeji aliyelichimba hana hata mstari mmoja. Aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1943 leo amepita miaka 90. Kila msimu wa mvua unaopita, kurasa kadhaa za kitabu ambacho hakijaandikwa huzikwa ardhini, na hakuna ukarabati wa mawe utakaozirudisha.

Vijana waliokwenda migodini

Tugeuke sasa upande wa pili. Wakati Wapolandi walipokuwa wakiletwa katika nyanda hizi, wana wa nyanda hizi walikuwa wakitoka. Kodi ilidai fedha, na fedha haikuota shambani. Wengine walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya. Wengine walivuka mpaka kwenda Ukanda wa Shaba katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Wengine walichukuliwa na shirika la kuandika wafanyakazi lililojulikana kwa jina la Wenela, wakafika hadi migodi ya dhahabu ya Afrika ya Kusini, mpaka Tanganyika huru ilipokomesha biashara hiyo.

Mnyakyusa wa migodini hakuwa na serikali ya uhamishoni ya kumlipia mwalimu. Hakuwa na vitabu vya shule vya Kinyakyusa. Chumba chake kilikuwa cha kampuni, siku yake ilikuwa ya kampuni, na jina lake katika daftari la kampuni mara nyingi liliandikwa vibaya. Kwa kipimo cha Ifunda, huyu alipaswa kuupoteza utamaduni wake kabla ya mkataba wake wa kwanza kumalizika. Haikuwa hivyo. Aliutunza katika mambo ambayo hayakuhitaji jengo: katika kusalimiana, katika kumpokea kijana mgeni na kumpa pa kulala, katika kutuma fedha na nguo nyumbani, na zaidi ya yote katika mazishi.

Monica Wilson, aliyeandika kwa kirefu juu ya Wanyakyusa, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1957 uzito wa taratibu za maziko katika jamii hiyo. Kufa bila kuliliwa na watu wako lilikuwa jambo la kuogopwa kuliko kufa kwenyewe. Haishangazi basi kwamba migodini msiba ulikuwa ndio bunge, ndio shule na ndio hekalu la watu wa kwao. Jambo hili si la Waafrika peke yao. Waslovenia na Waserbia waliokwenda kufanya kazi katika migodi na viwanda vya chuma vya Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 nao walianza kwa vyama vya kusaidiana katika ugonjwa na mazishi. Baadaye vyama hivyo vikazaa magazeti, kwaya na majumba ya utamaduni. Utamaduni wa mhamiaji, popote awapo, huanzia pale anapojiuliza: nikifa hapa, nani atanizika?

Tofauti iko katika kilichofuata. Mslovenia wa Cleveland alijenga jumba, na jumba linaonekana. Mnyakyusa alirudi nyumbani na cherehani, baiskeli na mtindo mpya wa ngoma, navyo vikachakaa au vikayeyuka katika maisha ya kijiji. Ngoma za gwaride, zilizoanzia kwenye beni ya pwani, zilipita katika majeshi na migodi. Kando ya Ziwa Nyasa twazijua jamaa zake kwa majina ya malipenga na mganda. Mtu akiuliza kama hiyo ni ngoma ya asili au ya kigeni, swali lake limekosewa. Ni ngoma ya watu waliosafiri, na safari yao ni asili yao pia.

Wabaluchi na mpunga wa Usangu

Mfano wa tatu unatuleta katika mbuga za Usangu. Wabaluchi, ambao asili yao ni nchi zilizo kati ya Uajemi na Pakistani ya leo, waliingia Afrika ya Mashariki wakiwa askari wa masultani wa Zanzibar. Wengine walipenya bara kwa biashara, na baadhi yao wakatua Rujewa na vijiji vya jirani, ambako katika miaka ya kabla na baada ya Vita Kuu ya Pili walichangia kueneza kilimo cha mpunga wa kumwagilia kwa mifereji.

Ukiwapima Wabaluchi hawa kwa kipimo cha lugha, utasema wameshindwa. Wengi wao wanazungumza Kiswahili nyumbani, na Kibaluchi kimefifia kizazi baada ya kizazi. Wameoa na kuolewa na wenyeji, na watoto wao ni watoto wa Mbarali. Lakini ukisimama kwenye jaruba la mpunga wakati maji yanapoingia, utajiuliza nini hasa maana ya kushindwa. Urithi wao haukuhifadhiwa katika sanduku. Umo katika sahani ya Mtanzania asiyejua hata kuwa Wabaluchi wamewahi kuwapo. Hawakuuzungushia uzio, nao haukufa walipoacha kuulinda.

Hata hivyo, tusiivike hali hii sifa isiyostahili. Kupotea kwa lugha ni hasara, hata ikiwa faida yake ni udugu. Lugha ikienda, huenda na methali, majina ya mimea, matusi na utani wake. Mjukuu anayekula mpunga wa babu yake bila kujua babu alimwitaje ng'ombe amepokea mali bila wosia.

Fuvu lililokaa kabatini

Mifano hii mitatu yatuelekeza kwenye wa nne, unaoigeuza sura ya mambo. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijiua mwezi Julai 1898 ili asiangukie mikononi mwa Wajerumani. Kichwa chake kilikatwa, na habari ya fuvu lake ikawa jambo la mataifa: Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe. Halikurudi hadi mwaka 1954, Gavana Edward Twining alipolichagua fuvu moja miongoni mwa mafuvu mengi yaliyokuwa katika makumbusho ya Bremen, akalikabidhi kwa Wahehe. Leo liko Kalenga.

Tuangalie jambo hili kwa makini. Mafuvu ya Bremen yalihifadhiwa vizuri sana. Yaliwekwa mahali pakavu, yakapimwa, yakaandikwa nambari. Kama kuhifadhi ndiyo shabaha ya mwisho ya kazi ya utamaduni, basi wenye makumbusho yale walistahili pongezi. Lakini kila mtu mwenye akili timamu anaona kuwa palikosekana kitu. Fuvu la Bremen lilihifadhiwa, halikuenziwa. Lilikuwa na nambari bila kuwa na mjukuu. Kuenzi kunahitaji watu wanaojua kile wakitazamacho ni cha nani, na wanaoona haya wakikisahau.

Hapa tumepata jibu la swali letu. Kuhifadhi ni kukizuia kitu kisioze. Kuenzi ni kukifanya kitu kiendelee kudai jambo kwetu. Wapolandi wa Ifunda walifanya yote mawili walipokuwa pamoja. Walipoondoka, sisi tumebakiwa na kuhifadhi tu. Wanyakyusa wa migodini walienzi bila kuhifadhi, ndiyo maana leo twaitafuta habari yao kwa taabu. Wabaluchi wamehifadhiwa na mpunga, lakini nani anawaenzi?

Kasoro zetu na yatupasayo

Mwalimu Julius Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alieleza kuwa utamaduni ndio roho ya taifa, na papo hapo akaonya kuwa taifa linalokataa kujifunza kwa wengine linajidhuru lenyewe. Sehemu ya kwanza ya fundisho hilo tumeirudia mara nyingi majukwaani. Sehemu ya pili tumeiacha ipate vumbi. Ndiyo sababu vitabu vyetu juu ya makabila vina sura ya ndoa, sura ya jando na sura ya mazishi, lakini ni nadra kukuta sura ya safari. Kwa maoni ya makala haya, mambo manne yatupasa.

La kwanza, na ndilo la haraka kuliko yote, ni kuzikusanya kumbukumbu za wazee wa Ifunda, Kidugala, Tukuyu, Kyela na Rujewa kwa lugha wanazozizungumza wao, kisha zichapishwe kwa Kiswahili. Kazi hii haihitaji fedha nyingi kuliko inavyohitaji nia. Mwalimu wa sekondari na wanafunzi wake wanaweza kuianza.

La pili, alama zilizopo kwenye makaburi ya wageni ziwe na Kiswahili, na ziseme ukweli wote: nani alizikwa, kwa nini alifika, na nani aliyempokea. Mwanafunzi wa Ifunda anayepita karibu na misalaba hiyo ana haki ya kujua kuwa chini yake wamelala watu waliofukuzwa makwao na mataifa mawili makubwa. Atajifunza kuwa ukimbizi si ugonjwa wa Afrika, na siku mkimbizi wa leo atakapobisha hodi, hatamtazama kama kiumbe wa ajabu.

La tatu, makumbusho ya nyanda hizi, yale ya Kalenga na yale ya Boma mjini Iringa yaliyofunguliwa mwaka 2016, yatoe nafasi kwa habari za safari. Shoka la vita la Mhehe lina mahali pake. Cheti cha kazi cha mchimba madini na jembe la mfereji wa Usangu navyo vinastahili mahali.

La nne, Watanzania walioko ughaibuni leo wazingatie somo la kambi na la migodi kwa pamoja. Tamasha la mara moja kwa mwaka, lenye kanga na pilau, ni jema lakini halitoshi. Mtoto wa Mtanzania wa London au Toronto hatakijua Kiswahili kwa kukiona kwenye fulana. Atakijua ikiwa kuna mtu anayemwamkia kwacho kila asubuhi, na msiba ambao ndani yake analazimika kukitumia.

Hitimisho

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Neno hilo ni la kweli, lakini tumelisoma kana kwamba asili ni jiwe ambalo mtu hulikalia. Watu tuliowaeleza hapa hawakuwa na nafasi ya kukaa. Walibeba asili yao vichwani kama mzigo wa safari: wengine wakautua ukiwa mzima, wengine wakaugawa njiani, wengine wakautumia kupandia mbegu. Nyanda za Juu za Kusini ziliwapokea baadhi yao na kuwatoa wengine, na udongo wake umechanganyika na mifupa ya wote. Taifa lenye kujiheshimu haliwezi kuzitunza hesabu za waliokaa tu na kuwafuta waliopita. Mchana wa wazee wetu unaelekea magharibi. Tuwaulize sasa, wangali wanaweza kutujibu.